Usisaini Kwanza: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Fidia, Kazi na Talaka

Barua nyingi tulizopokea mwezi huu zimekuja na picha ya karatasi moja: barua ya kuacha kazi, hati ya "tumemalizana", talaka iliyoandikwa kwenye ukurasa wa daftari. Swali huwa lile lile, je, bado nina haki? Mara nyingi ipo, ila tarehe nazo zinakwenda. Majibu haya ni ya Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake za kazi na za ndoa.

Msumeno umenikata vidole, msimamizi ananipa laki tatu

*Mimi ni kibarua kiwanda cha mbao, sina mkataba wa maandishi, nalipwa kila Jumamosi. Wiki tano zilizopita msumeno ulinikata vidole viwili vya mkono wa kulia. Msimamizi alilipa hospitali, kisha akaleta shilingi 300,000 na karatasi ya kusaini kwamba sitadai kitu. Anasema fidia ni ya walioajiriwa rasmi, na kwamba kosa ni langu maana sikuvaa glavu. Sijasaini. Nifanye nini? (Kibarua, Mafinga)*

Pole sana, kaka, na umefanya vyema kutosaini. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, Sura ya 263, haiulizi kama mkataba wako uliandikwa. Inauliza kama ulikuwa unamfanyia mwajiri kazi kwa ujira, na kama ajali ilitokana na kazi hiyo. Kibarua wa kiwandani yumo.

Suala la glavu lisikutishe. Fidia hii hailipwi kwa kutafuta mwenye kosa. Mfanyakazi aliyeghafilika tu analipwa. Anayeweza kukosa ni yule aliyefanya utovu wa nidhamu mkubwa tena kwa makusudi, mathalani kuendesha mashine akiwa amelewa, na hata huyo hakosi iwapo ameumia vibaya sana, wala wategemezi wake hawakosi iwapo amefariki.

Anayelipa ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Fedha zake ni michango ya waajiri peke yao, na ukiona kwenye hati yako ya mshahara makato ya WCF, mwajiri amevunja sheria. Kama hajajisajili au hajachangia, hilo ni kosa lake na halikunyang'anyi haki.

Sasa tarehe. Mwajiri akishapata habari ya ajali, ana siku 7 za kuitaarifu WCF. Wiki tano zimepita, kwa hiyo usidhani ametaarifu; uliza. Wewe una miezi 12 tangu siku ya ajali kuwasilisha dai. Mwaka unaonekana mrefu, lakini watu wengi huumaliza wakisubiri "bosi arudi safari".

Anza na barua fupi kwa mwajiri: jina lako, tarehe na saa ya ajali, mashine gani, umeumia wapi, nani alikuwepo. Toa nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Taarifa ya mdomo inakubalika kisheria, shida ni kuithibitisha miezi minane baadaye msimamizi akiwa amehama. Wakikataa kupokea, mpe mjumbe aipeleke, aandike pembeni tarehe na jina la aliyekataa. Kisha nenda ofisi ya WCF mwenyewe na nakala hiyo. Huhitaji ruhusa ya kiwanda.

Kadi ya hospitali ndipo madai mengi yanapokwama. Kadi nyingi za siku ya kwanza zina maneno "jeraha la kukatwa" basi, bila kutaja limetokea wapi. Mtu anayesoma faili hajui kama ulikatwa kiwandani au ukipasua kuni nyumbani. Rudi kwa daktari uombe taarifa inayosema umekatwa na msumeno ukiwa kazini, tarehe fulani, mkono wa kulia, vidole vipi, na kila kimoja kimekatwa kwenye kiungo cha ngapi. Kidole gumba na kidole cha mwisho havihesabiwi sawa. Kukatwa kwenye kiungo cha juu si sawa na kukatwa shinani.

Malipo yana mafungu. Matibabu ni fungu lake. Kwa muda usioweza kufanya kazi, unalipwa asilimia 70 ya kipato chako cha mwezi, kwa muda usiozidi miezi 24. Kama ulikuwa unaingiza 400,000 kwa mwezi, hiyo ni 280,000. Jeraha likishatulia, pasipo matumaini ya kupona zaidi ya hapo, unafanyiwa tathmini ya ulemavu wa kudumu. Ukipimwa asilimia 30 au chini, unalipwa mkupuo mmoja. Ukizidi 30, unalipwa pensheni ya kila mwezi. Usikimbilie tathmini kidonda kikiwa kibichi.

Kwa kibarua, vita kubwa ni kiasi cha kipato. Kiwanda kikiandika kwamba ulilipwa siku kumi tu kwa mwezi, asilimia 70 inatoka kwenye hicho kidogo. Kusanya jumbe za malipo ya simu, picha za daftari la mahudhurio, majina ya wenzako wawili watatu wa zamu moja. Kama ulilipwa taslimu, andika leo, ungali unakumbuka, ulipokea kiasi gani kila Jumamosi.

Zile 300,000 unaweza kuzipokea kama msaada, mradi karatasi iseme hivyo: "nimepokea 300,000 za kunisaidia nikiwa mgonjwa", tarehe, saini. Neno "sitadai" lisiwemo. Na hata ungesaini, wajibu wa mwajiri kutoa taarifa WCF umewekwa na sheria. Haufutiki kwa makubaliano yenu wawili.

Miaka tisa, nimefukuzwa kwa ujumbe wa simu

*Nimekuwa mtunza stoo miaka tisa, mshahara wa msingi 780,000, siku sita kwa wiki. Hesabu ya mzigo ilipungua, nikawekwa polisi siku mbili, nikaachiwa. Niliporudi nikakuta ujumbe wa WhatsApp: "huduma yako imesitishwa". Ofisa rasilimali watu ananishauri niandike barua ya kujiuzulu "ili rekodi yangu ibaki safi" na nipewe chochote. Ni wiki mbili sasa. (Mtunza stoo, Arusha)*

Dada, barua hiyo usiiandike. Ukijiuzulu, mwajiri atasema hakukufukuza, na wewe ndiwe utakayebeba mzigo wa kuthibitisha kwamba ulilazimishwa. Usipojiuzulu, mzigo ni wake: chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, Sura ya 366, mwajiri ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba alikuwa na sababu halali na kwamba alifuata utaratibu. Barua hiyo itakunyima pia fao la kukosa ajira la mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, ambalo halilipwi kwa aliyeacha kazi kwa hiari. Kwa mwanachama aliyechangia miezi 18 au zaidi, fao hilo ni asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6.

Sababu inaweza kuwepo. Mzigo kupungua stoo si jambo dogo. Lakini utaratibu wa nidhamu uko wazi: uchunguzi, kisha barua ya tuhuma katika lugha unayoielewa, muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, kikao kinachoongozwa na kiongozi ambaye hakuhusika na uchunguzi, nafasi ya kuleta mashahidi na kuwauliza maswali wa upande wa pili, mwenzako au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi wa kukusaidia, na uamuzi wa maandishi unaokueleza haki ya kukata rufaa. Polisi si mbadala wa kikao. Kukamatwa hakuthibitishi kosa kazini, na kuachiwa peke yake hakukusafishi kazini.

Una siku 30 tangu kuachishwa kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Wiki mbili zimekwenda, zimebaki kama siku 16. Hesabu ni ya siku zote, Jumapili na sikukuu zimo. Madai mengine ya kazi, kama mshahara usiolipwa, yana siku 60. Watu huchanganya hizi mbili na kufika siku ya 45 wakidhani wamewahi. Wengine huanzia kwa ofisa kazi, wakapita kwa mkuu wa wilaya, wakazungushwa. Siku hazisimami wakati unazungushwa. Ukichelewa itakubidi ujaze fomu ya kuomba kuongezewa muda na kueleza kila siku iliyopita. "Tulikuwa tunazungumza na mwajiri" ni sababu dhaifu sana.

Fomu ni CMA F1. Ijaze taratibu. Jina la mwajiri liandike kama lilivyosajiliwa, si jina la bango la duka. Litafute kwenye mkataba, hati ya mshahara au taarifa yako ya NSSF. Tuzo, yaani uamuzi wa CMA, iliyotolewa dhidi ya jina lisilokuwepo kisheria ni karatasi tu, dalali wa mahakama hataikazia. Tarehe ya kuachishwa ni ile ya ujumbe wa WhatsApp. Piga picha ya skrini inayoonyesha namba ya mtumaji na tarehe, na simu yenyewe usiifute kitu. Kwenye sehemu ya unachodai, andika vyote. Wengi huandika "kuachishwa isivyo halali" wakaacha notisi, likizo na nauli, kisha wanashangaa tuzo haina vitu hivyo. Nakala moja mpelekee mwajiri kabla ya kufungua, apokee kwa saini na tarehe, au uitume kwa posta ya rejista utunze stakabadhi.

Hatua ya kwanza ni usuluhishi, ambao unapaswa kumalizika ndani ya siku 30. Hapo ndipo wengi hupatana, na ndipo ilipo hatari ya kusaini pungufu kwa sababu ya njaa. Ingia na hesabu yako mkononi. Hii ndiyo yako:

Mshahara wa mwezi unagawanywa kwa 4.333 kupata wa wiki, kisha kwa siku unazofanya kazi kwa wiki. 780,000 inatoa takriban 180,000 kwa wiki, yaani 30,000 kwa siku. Kiinua mgongo ni siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliotimia, hadi miaka 10: siku 7 mara 30,000 mara miaka 9, sawa na 1,890,000. Notisi kwa anayelipwa kwa mwezi ni siku 28, na waajiri wengi huilipa kama mshahara wa mwezi mmoja. Likizo ya mwaka ni siku 28. Dai zile ulizokwisha kuzipata kwa mzunguko huu bila kuzitumia. Ongeza mshahara wa siku ulizofanya mwezi huu. Kama uliajiriwa ukiwa mji mwingine, dai kurudishwa ulikoajiriwa pamoja na mizigo, na posho ya kujikimu kwa siku unazocheleweshwa. Cheti cha utumishi hakina fedha ndani yake, ila mwajiri mpya atakiuliza.

Kiinua mgongo hakilipwi kwa aliyeachishwa kihalali kwa utovu wa nidhamu, ndiyo maana neno "wizi" huja upesi. Halina uzito bila kikao.

Hayo ni ya mkononi. Fidia ya kuachishwa isivyo halali ni juu ya hayo, na kiasi chake hutofautiana kati ya aliyekosewa sababu na aliyekosewa utaratibu tu. Unaweza pia kuomba kurudishwa kazini. Usuluhishi ukishindikana, shauri linakwenda kwa mwamuzi, na asiyeridhika na tuzo ana wiki sita kuomba Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, iipitie.

Mkataba umeisha baada ya kuhuishwa mara nne

*Nilikuwa na mkataba wa mwaka mmoja mmoja, umehuishwa mara nne. Wa tano nimeambiwa basi. Je, ni kuachishwa kazi? (Dereva, Dodoma)*

Mkataba wa muda ukifika mwisho huisha wenyewe. Sheria inauhesabu kuwa kuachishwa kama ulikuwa na matarajio ya msingi kwamba utahuishwa. Kuhuishwa mara nne kunasaidia lakini hakutoshi. Tafuta kitu alichosema au kufanya mwajiri: ratiba ya safari za mwaka ujao yenye jina lako, barua pepe ya "tutaendelea", likizo uliyopangiwa baada ya tarehe ya mwisho. Siku 30 zinahesabika kwako pia. Anayejaza nafasi za mafunzo ya kazi ajue kwamba kinga dhidi ya kuachishwa isivyo halali haimhusu aliyefanya kazi chini ya miezi 6 kwa mwajiri yule.

Nimepewa talaka, nyumba ina jina lake

*Tuliolewa Kiislamu miaka 14 iliyopita. Mimi ni mama wa nyumbani, yeye ana mshahara. Tumejenga nyumba, hati ina jina lake. Mwezi uliopita amenipa talaka ya maandishi na sasa analeta watu kuiangalia nyumba. Nimeambiwa sikuchangia, sina changu. Nikaenda mahakamani kuomba mgawo nikarudishwa. (Mama wa watoto watatu, Tanga)*

Mama, umerudishwa kwa sababu ya mpangilio. Mahakama hugawa mali ya ndoa inapotoa amri ya talaka au ya kutengana. Karatasi ya mume si amri ya mahakama. Chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971, Sura ya 29, kwanza mnakwenda Baraza la Usuluhishi wa Ndoa; kwa Waislamu huwa ni la BAKWATA, au lile la kata. Baraza likishindwa kuwapatanisha linatoa hati, Fomu Na. 3. Kwa ndoa ya Kiislamu, talaka inayotolewa baada ya hati hiyo ndiyo inayoipa mahakama njia ya kutamka kwamba ndoa imevunjika. Yenu imetangulia baraza. Kwa hiyo anza barazani upya, na karatasi uliyonayo uitunze kama ushahidi.

Hati ya baraza isome kabla hujatoka mlangoni. Inatakiwa iseme kwamba baraza limesikiliza na limeshindwa kuwapatanisha. Mabaraza mengine hutoa barua ya "tunamtambulisha kwako mlalamikaji", na kesi zimefutwa zikiwa zimefika rufani kwa sababu ya barua za namna hiyo, miaka ikiwa imeshapita. Hati iwe haijazidi miezi sita unapofungua shauri. Mume akikaidi wito wa baraza kwa makusudi, au ametoweka hajulikani aliko, sheria inakuruhusu kwenda mahakamani bila hati, ila ubebe uthibitisho wa kukaidi huko. Shauri linaweza kufunguliwa mahakama ya mwanzo.

Kuhusu nyumba. Jina moja kwenye hati linaleta dhana kwamba mali ni ya mwenye jina, na dhana hiyo hupingika kwa ushahidi. Mahakama inaangalia mchango wa kila mmoja kwa fedha, kwa mali au kwa kazi, madeni yaliyochukuliwa kwa faida ya wote na mahitaji ya watoto, kisha inaelekea kwenye usawa. Nusu kwa nusu haiji yenyewe. Tangu kesi ya Bi. Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, 1983, Mahakama ya Rufani imekubali kwamba kupika, kulea na kutunza nyumba ni mchango. Wanaoitaja barazani husahau sehemu ya pili: Bi. Hawa mwenyewe hakupata mgawo, kwa kuwa ilionekana alitapanya fedha alizopewa na mumewe kwa ajili ya biashara ya familia. Kwa hiyo jiandae kujibu ulichofanya na fedha zilizopita mikononi mwako.

Leta ushahidi wa vitu. Nani alisimamia mafundi wakati mume yuko kazini? Fundi mwenyewe aje. Maji ya kuchanganyia zege yalichotwa na nani? Fedha ya mchezo au VICOBA iliyonunua mabati, daftari la kikundi lipo. Risiti za mashine za EFD hufifia zikawa karatasi nyeupe, zipige picha leo na utoe nakala. Tafuta mkataba wa kununua kiwanja uone tarehe: kilichopatikana ndani ya ndoa kwa juhudi za pamoja kinagawanywa, kilichokuwepo kabla ya ndoa hakimo, isipokuwa kama kiliendelezwa kwa kiasi kikubwa wakati wa ndoa kwa juhudi zako au zenu wote. Kiwanja cha kabla ya ndoa kilichojengwa nyumba ndani ya ndoa kinaingia kwa mlango huo.

Wateja wa nyumba ndio dharura yako. Nyumba ya ndoa haiuzwi wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi. Kama ina hati iliyosajiliwa, nenda kwa Msajili wa Hati ukaweke zuio, ukiwa na cheti cha ndoa na namba ya hati. Kama haijasajiliwa, peleka barua ya pingamizi ofisi ya serikali ya mtaa, maana ndipo mikataba ya kuuziana hupitia, na ugongewe muhuri nakala yako. Shauri likishafunguliwa, omba mahakama itoe zuio la muda. Wanunuzi waambie uso kwa uso kwamba wewe ni mke na hujaridhia, mbele ya shahidi. Mnunuzi aliyeambiwa hawezi baadaye kudai kwamba hakujua.

Ukishindwa, rufaa ni ndani ya siku 45 tangu hukumu.

Hatukufunga ndoa

*Tumeishi miaka sita, watoto wawili, hakuna ndoa. Tukiachana nina haki? (Mwanamke, Mbeya)*

Mkiishi pamoja miaka miwili au zaidi na watu wakawajua kama mume na mke, sheria inadhania kuna ndoa, na mahakama inaweza kuamuru mgawo na matunzo kama ilivyo kwa wanandoa. Dhana hiyo huvunjika mwenzako akithibitisha, kwa mfano, kwamba muda wote huo alikuwa na ndoa halali ya mke mmoja na mwingine. Lete majirani, mjumbe wa nyumba kumi, kadi za kliniki zenye majina yenu wote, fomu ya shule aliyosaini kama baba. Matunzo ya watoto hayangoji suala la ndoa limalizike. Hayo yaanzie ofisi ya Ustawi wa Jamii wiki hii.